Kabla hujasambaza: namna ya kupima habari za dawa za kulevya mtandaoni

Miaka kadhaa iliyopita nilituma kwenye kikundi cha familia ujumbe uliosema kwamba mtu aliyezidisha dozi ya heroini anyweshwe maziwa mengi ili "kuua sumu". Ulikuwa umeandikwa vizuri, una picha ya mtu aliyevaa koti jeupe la daktari, na mwisho wake ulisema: okoa maisha, watumie na wengine. Niliutuma kwa nia njema kabisa. Ushauri huo unaweza kuua. Maziwa hayawezi kuifuata heroini iliyokwisha kuingia kwenye damu, na mtu aliyepoteza fahamu akimiminiwa kitu mdomoni kinaweza kumpalia na kuingia mapafuni. Siku nilipolielewa hilo niliona aibu, na tangu hapo nimejizoeza kupima kabla ya kutuma. Nayaandika hapa yale yaliyonisaidia.

Nianze na jambo lililonichukua muda mrefu kuliona. Habari za dawa za kulevya hupotoshwa kutoka pande mbili. Wapo wanaosifia: hii ni ya asili, haina madhara, inatibu kila kitu. Wapo wanaotisha: ukigusa tu umekufa, ukionja mara moja umekwisha. Wengi wetu tunawahoji wale wa kwanza, lakini wa pili tunawafungulia mlango bila kuuliza, kwa sababu wanaonekana wako upande wa wema. Kumbe kijana akigundua kwamba onyo moja tulilompa lilikuwa la uongo, huyatupa na yale ya kweli pamoja nalo. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zitumie kwa pande zote mbili, bila upendeleo.

Kama unasoma haya huku mbele yako kuna mtu asiyeamka au anayepumua kwa shida, acha kusoma, piga simu ya dharura. Kama kuna naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidisha heroini na dawa za jamii yake, mpe. Kama unajua kumpulizia pumzi, fanya hivyo. Akiwa anapumua mwenyewe, mlaze ubavu, na usimwache peke yake.

Hatua ya 1: Lifanye dai liwe sentensi moja

Habari ya mtandaoni huja kama furushi. Ndani yake kuna ukweli kidogo, kuna makisio, kuna hasira ya mwandishi, na vyote vimefungwa pamoja. Lifungue. Chukua karatasi uandike kwa maneno yako: dawa gani, inafanya nini, kwa nani, kwa kiasi gani. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, ujue habari yenyewe haijasema kitu. Imekutia tu hofu au hamu.

Mwezi Desemba 2020 vichwa vya habari vilienea vikisema Umoja wa Mataifa umehalalisha bangi. Lililotokea ni hili: Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, ikikutana Vienna, ilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi kwenye Jedwali la IV la mkataba wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya, jedwali la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari mno na vyenye faida ndogo au visivyo na faida kitabibu. Bangi ilibaki Jedwali la I, yaani bado iko chini ya udhibiti wa mkataba huohuo, na hakuna nchi iliyolazimika kubadili sheria yake. Kura ilikuwepo kweli, tarehe ni ya kweli, hata jina la tume ni la kweli. Uongo ulikuwa kwenye neno moja tu, "imehalalisha". Neno la namna hiyo hulikamati mpaka uandike sentensi yako na kuilinganisha na kilichoamuliwa.

Hatua ya 2: Uliza, huyu angejuaje?

Kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii. Kila aina ya dai ina shahidi wake anayefaa. Kilichomo ndani ya unga au kidonge kinajulikana na maabara. Sababu ya kifo inajulikana na daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi na kupata majibu ya vipimo vya damu. Kama kitu kinatibu au hakitibu, hilo linajulikana kwa majaribio yaliyolinganisha watu waliopewa na wasiopewa. Sheria inajulikana kwa kusoma sheria. Sasa tazama anayezungumza: je, ni shahidi wa jambo hilo, au ni mtu aliyekuwa karibu tu?

Mwezi Mei 2012 huko Miami, Marekani, mwanamume mmoja alimshambulia mwenzake na kumtafuna uso. Kabla vipimo havijatoka, ilisemwa kwamba huenda alikuwa ametumia vichangamshi vya maabara vinavyouzwa kwa jina la chumvi za kuogea, na dunia nzima ikapokea "huenda" ile kama "ndiyo". Mwezi uliofuata majibu ya maabara yakatoka: katika mwili wa mshambuliaji ilikutwa bangi peke yake kati ya dawa za kulevya zilizopimwa. Habari ya kwanza bado inazunguka hadi leo, na majibu yanajulikana na wachache. Neno "inashukiwa" kwenye habari ya dawa za kulevya maana yake ni kwamba shahidi hajafika. Subiri afike.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Nchini Sierra Leone kulizuka dawa iitwayo kush, ikaharibu vijana wengi kiasi kwamba mwezi Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya hatari. Mtandaoni simulizi iliyotamba ni kwamba imechanganywa na mifupa ya binadamu iliyofukuliwa makaburini. Mwezi Februari 2025 ulitoka uchunguzi wa shirika la Global Initiative Against Transnational Organized Crime pamoja na taasisi ya Clingendael, ambao ulipima sampuli kwa kemia. Nyingi zilikutwa na nitazeni, kundi la afyuni (dawa za jamii ya heroini na morfini) za kutengenezwa maabara ambazo baadhi yake zina nguvu kuliko fentanili, ambayo nayo ni afyuni kali ya maabara, na nyingine zilikutwa na kanabinoidi za kutengenezwa, yaani vitu vinavyoiga bangi.

Tazama tofauti. Simulizi ya mifupa inakupeleka kulinda makaburi. Majibu ya maabara yanakupeleka kwenye naloksoni, kwa sababu nitazeni ni afyuni na naloksoni hupambana na afyuni. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja ya wanaosema "hata kama si kweli, si inawatisha vijana?" Onyo la uongo linakuelekeza kwenye tiba isiyo yenyewe.

Na picha? Picha ya kidonge inaonyesha rangi, umbo na chapa iliyogongwa juu yake. Haionyeshi kilichomo. Vidonge viwili vinavyofanana kama mapacha vinaweza kuwa na vitu viwili tofauti, kwa kuwa mashine ya kugonga chapa haijali unga ulioingizwa.

Hatua ya 3: Fuata chanzo mpaka mwisho wa kamba

"Utafiti unaonyesha" ni mlango tu. Ingia ndani. Bonyeza kiungo, kama hakuna kiungo, nakili jina la jarida au maneno machache ya dai na uyatafute. PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za afya, ni ya bure, na hata kama makala nzima imefungwa, muhtasari wake husomeka. Angalia mambo matatu: walichunguzwa watu au wanyama, walikuwa wangapi, na walikuwa katika hali gani.

Hapa lazima nisimulie habari ya barua ya mwaka 1980, kwa sababu inaonyesha kwamba hata wasomi husambaza bila kusoma. Watafiti wawili wa Boston waliandika barua ya sentensi tano kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, walikuta kesi 4 tu za uraibu zenye ushahidi wa kutosha miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa hospitalini. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayekwenda nyumbani na kopo la vidonge akameza kwa miezi. Hata hivyo ilinukuliwa tena na tena kuwa ushahidi kwamba dawa hizo hazileti uraibu. Mwaka 2017 watafiti waliihesabu safari yake: ilikuwa imenukuliwa mara 608, asilimia 72.2 ya nukuu zikiitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 bila kutaja kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Ukweli wa sentensi tano uliondolewa mahali pake, na kwa kufanya hivyo ukageuka kuwa kosa lililochangia janga la uraibu Marekani.

Upande wa kutisha nao una mfano wake. Mwezi Septemba 2002 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosema dozi chache za MDMA, inayojulikana mitaani kama ekstasi, zinaharibu vibaya seli za ubongo wa nyani, uharibifu unaoweza kufungua njia ya ugonjwa wa kutetemeka. Baada ya mwaka mmoja watafiti wenyewe waliuondoa. Vichupa vilibandikwa lebo kimakosa, na wanyama wale walikuwa wamepewa methamfetamini, dawa nyingine kabisa. Hii haina maana kwamba MDMA ni salama. Ina maana kwamba utafiti ule hauwezi kutumika kusema lolote kuihusu. Basi ukiipata makala, tafuta pia kama iliwahi kusahihishwa au kuondolewa. Jarida huweka taarifa hiyo kwenye ukurasa uleule wa makala.

Utafiti mmoja, hata ukiwa mzuri, ni sauti moja. Ukipata mapitio yanayokusanya tafiti nyingi za jambo lilelile, kama yale ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaofanya kazi hiyo, umeokoa saa nyingi.

Hatua ya 4: Nani anapata nini ukiamini?

Anayeuza dawa anataka uamini ni safi. Huyu kila mtu anamjua. Ninaowaogopa zaidi ni wanaouza kuponywa: "acha unga kwa siku tatu, bila arosto, uhakika asilimia mia." Arosto ni mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, na familia iliyochoka hununua chochote. Uraibu wa afyuni una tiba zilizothibitishwa. Methadoni na buprenofini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005, na tiba hiyo huchukua miezi au miaka. Anayeahidi siku tatu huenda akamtoa mtu kwenye arosto kweli, kisha akamrudisha mtaani akiwa na mwili uliopoteza uzoefu wa dawa. Akirudia kiasi alichokuwa akitumia zamani, kiasi hicho kinaweza kumuua. Kwa mtu wa pombe au vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, hata kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari kunaweza kuleta degedege na kifo.

Taasisi za serikali nazo zina haja zao: bajeti, sifa, kuonekana zinafanya kazi. Zinapokamata mzigo hutangaza thamani yake kwa bei ya mtaani, yaani bei ya mzigo wote ukiuzwa kipimo kimoja kimoja kwa mtumiaji wa mwisho, na takwimu inakuwa kubwa kuliko fedha ambazo mwenye mzigo angezipata. Sisemi wanadanganya. Nasema soma ukijua namba ilivyopatikana.

Hatua ya 5: Ivunje namba

Ripoti ya Dunia ya Dawa za Kulevya ya mwaka 2024, inayotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa iitwayo UNODC, ilikadiria kwamba watu milioni 292 walitumia dawa za kulevya mwaka 2022. Niliona namba hiyo ikisambazwa kama "waraibu milioni 292". Ripoti yenyewe inasema ni watu waliotumia angalau mara moja katika mwaka huo, na waliokuwa na matatizo ya matumizi, ukiwemo uraibu, ni milioni 64. Yaani karibu wanne kati ya watano katika ile milioni 292 hawakuhesabiwa kuwa na tatizo hilo. Hao milioni 64 ni wengi mno na kila mmoja ana mama yake. Hakuna haja ya kuwaongeza.

Maswali ya kuuliza ni machache. Waliowahi kutumia maishani, mwaka jana, au mwezi uliopita? Vifo "vilivyosababishwa na" dawa au ambapo dawa "ilikutwa" mwilini? Hatari "imeongezeka maradufu" kutoka ngapi kwenda ngapi? Kutoka mtu mmoja kati ya elfu kumi hadi wawili ni maradufu pia.

Hatua ya 6: Ushuhuda usiutupe, upe kiti chake

Mtu anayesimulia alivyotumia anajua mambo ambayo hakuna jarida linayajua: upweke, aibu, namna alivyowaficha wazazi, kilichomfanya aombe msaada. Msikilize kwa heshima. Asichojua ni alikuwa akitumia nini hasa, kwa sababu alichouziwa hakikupimwa, wala hajui kama wewe ungepata alichopata yeye. Anayesema "nimetumia miaka kumi na niko salama" anazungumza kwa sababu yupo. Waliokufa hawaandiki.

Hatua ya 7: Tazama tarehe na mahali

Hii ni fupi. Soko la dawa za kulevya hubadilika upesi, na onyo la miaka mitano iliyopita linaweza kuwa limepitwa au limekuwa dogo kuliko hali ilivyo. Sheria nayo haivuki mpaka. Ureno, kwa mfano, haikuhalalisha dawa za kulevya mwaka 2001 kama inavyosemwa kila siku. Kuwa na kiasi kidogo cha matumizi binafsi kuliondolewa kwenye makosa ya jinai kukabaki kosa la kiutawala, na kufanya biashara bado ni jinai. Mtu akibeba tafsiri ya mtandaoni kwenda nayo nchi nyingine anaweza kuishia gerezani.

Hatua ya 8: Ushauri wa uhai upimwe mara mbili

Dai likikosea kuhusu historia, hakuna anayekufa. Likikosea kuhusu nini cha kufanya mtu akizidiwa, anakufa leo. Hapa usikubali chanzo kimoja, na usikubali ushauri uliokatwa mipaka yake.

Ushauri mwingi wa hatari ni wa kweli nusu. "Ukitumia ekstasi kunywa maji mengi" ulianza kwa sababu watu walikuwa wakipata joto kali mwilini wakicheza usiku kucha. Mwaka 1995 huko Uingereza msichana wa miaka 18 alimeza kidonge kimoja akanywa maji lita kadhaa kwa muda mfupi, akafa. MDMA huufanya mwili kuzuia maji yasitoke, chumvi ya damu ikashuka, ubongo ukavimba. Waliotaka kutisha walisema kidonge kimeua peke yake. Waliotaka kutetea walisema ni maji tu. Ni vyote viwili kwa pamoja, na onyo lisilotaja vyote viwili halimsaidii atakayefuata.

Naloksoni vivyo hivyo. Ni dawa nzuri mno, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iwafikie hata watu wa kawaida wanaoweza kushuhudia mwenzao amezidisha dozi. Lakini inafanya kazi kwa afyuni tu. Haiondoi kokeni wala methamfetamini. Na inaweza kuisha nguvu kabla ya heroini kuisha, ndiyo maana mtu akiamka bado anahitaji kuangaliwa. Vipande vya kupimia fentanili navyo husifiwa kuliko uwezo wake: vinasema fentanili ipo au haikuonekana, havisemi ni kiasi gani, na havikuundwa kukamata nitazeni. Kipande kusema "haipo" si ruhusa.

Tena kuna lile onyo la kwamba ukigusa fentanili kwa kidole unaanguka. Mwaka 2017 vyama viwili vya wataalamu wa sumu vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba kuigusa kwa bahati mbaya ni vigumu kukuletea sumu ya afyuni. Hata plasta za fentanili za hospitalini, zilizoundwa makusudi zipenye ngozi, huchukua saa nyingi. Uongo huu unaonekana kuwa wa tahadhari, ila matunda yake ni mtu kusimama mbali, akiogopa kumgusa anayekata roho.

Hatua ya 9: Ukiuliza programu ya akili mnemba

Itakujibu kwa lugha nzuri na kwa kujiamini, hata pale inapobuni. Inaweza kukutajia utafiti usiokuwepo, wenye jina la jarida la kweli. Iombe chanzo, kisha kifungue wewe mwenyewe na urudi hatua ya 3. Swali la dozi, la kuchanganya dawa, au la kuacha ghafla, mpelekee mfamasia, daktari, au mtu wa kituo cha kusaidia waraibu. Wengi wao wamesikia maswali magumu kuliko lako.

Hatua ya 10: Ulishasambaza? Rudi ukasahihishe

Kufuta kimyakimya hakutoshi. Waliosoma wameshasoma, na wengine wametuma mbele. Andika mahali palepale ulipotuma, taja kilichokosewa, toa kilicho sahihi, kwa ufupi. Usimshambulie aliyekutumia. Mimi niliandika hivi kwenye kikundi kilekile:

"Ndugu zangu, ule ujumbe wa maziwa niliowatumia haukuwa sahihi, naomba radhi. Mtu akizidisha dozi asipewe chochote mdomoni. Piga simu ya dharura, mpe naloksoni kama ipo, mlaze ubavu, kaa naye. Kama mliutuma kwa wengine, tafadhali watumieni na huu."

Dakika chache baadaye shangazi alinipigia. Hakuuliza maziwa. Aliuliza naloksoni inapatikana wapi, na kwa sauti yake nikajua haulizi kwa ajili ya jirani.